Basi Moja, Gesi Tisa

Mabasi matatu. Ndicho kiasi ambacho kila mji ulipangiwa, uwe mkubwa kama London au mdogo kama Luxembourg, mpango wa Umoja wa Ulaya wa mabasi ya hidrojeni ulipoingia barabarani mwaka 2003. Miji ilikuwa tisa: Amsterdam, Barcelona, Hamburg, London, Luxembourg, Madrid, Porto, Stockholm na Stuttgart. Mabasi yote 27 yalikuwa ya aina moja, Mercedes-Benz Citaro, kila moja likiwa na mitungi tisa ya gesi juu ya paa na bei ya takriban euro milioni 1.2, mara kadhaa ya bei ya basi la dizeli la ukubwa uleule. Mpango huo uliitwa CUTE, na Umoja wa Ulaya uliuchangia euro milioni 18.5. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, na Perth ya Australia ziliingia kwa mipango pacha, nazo zikapata matatu matatu. Jumla ikawa 33.

Hakuna mji unaotatua shida ya usafiri kwa mabasi matatu. Lakini hilo halikuwa lengo. Waliobuni mpango walitaka kujua kama madereva wa kawaida, mafundi wa kawaida na abiria wenye haraka zao wanaweza kuishi na mashine ambayo hadi wakati huo ilikuwa mali ya maabara na vyombo vya angani.

Mashine yenyewe haikuwa ngeni. William Grove, mwanasheria na mwanasayansi kutoka Wales, alionyesha mwaka 1839 kwamba hidrojeni na oksijeni zikikutanishwa ipasavyo hutoa umeme, na kinachobaki ni maji. Karne moja baadaye mhandisi Mwingereza Francis Thomas Bacon alitumia miaka mingi kuufanya uchunguzi huo uwe kifaa cha kazi, na mwaka 1959 akaonyesha mtambo wa kilowati tano. Wamarekani waliununua ujuzi wake, na seli za hidrojeni za namna hiyo ndizo zilizowapa wanaanga wa Apollo umeme na maji ya kunywa walipokwenda mwezini. Kutoka huko hadi kwenye kituo cha basi palikuwa na safari ndefu. Kampuni ya Ballard ya Vancouver, Kanada, ilitoa basi lake la kwanza la majaribio mwaka 1993, na kufikia 1998 Chicago na Vancouver zilikuwa zinajaribu mabasi matatu kila mji.

Kikwazo kilichojitokeza mapema kilikuwa cha hesabu zaidi kuliko uhandisi. Mtengenezaji anasema hawezi kushusha bei mpaka apate oda ya mamia. Mji unasema hauwezi kuagiza hata kumi kwa bei hiyo. Kituo cha kujazia gesi nacho kinagharimu fedha nyingi hata kama kinahudumia mabasi matatu tu kwa siku, kwa sababu kompresa, matangi na vifaa vya usalama vitahitajika vilevile. Kila upande unamngoja mwenzake. Tangu mwanzo, basi, historia ya chombo hiki imekuwa historia ya mikutano: nani aagize na nani, lini, na kwa fedha ya nani.

CUTE ilitoa jibu la nusu. Basi lilikuwa moja kwa wote, lakini kila mji uliachiwa utafute gesi yake, na uamuzi huo ulikuwa wa makusudi kwa kuwa wapangaji walitaka kulinganisha njia. Stockholm ilipasua maji kwa umeme wa maporomoko. Hamburg na Amsterdam nazo zilitumia umeme wa vyanzo jadidifu. Barcelona iliongezea paneli za jua. Madrid na Stuttgart zilijenga mitambo midogo ya kutoa hidrojeni kwenye gesi asilia, pale pale kwenye yadi za mabasi. Porto na Luxembourg ziliagiza gesi iletwe kwa malori, London ikaletewa ikiwa kimiminika kilichopozwa mno, na kule Perth hidrojeni ilitoka kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Kwinana. Reykjavik ilijenga kituo chake kwenye sheli ya barabarani, kikafunguliwa Aprili 2003. Iceland ilikuwa na ndoto kubwa kuliko wote: mkemia Bragi Árnason wa Chuo Kikuu cha Iceland alikuwa amehubiri kwa miongo mitatu kwamba kisiwa hicho, chenye umeme tele wa maji na wa jotoardhi, kinaweza kuachana kabisa na mafuta ya kuagiza.

Kilichotokea kiliwashangaza wengi. Mabasi yalifanya kazi vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Vilivyosumbua ni vituo. Kompresa ndizo zilizokuwa balaa: hidrojeni ni molekuli ndogo kuliko zote, hupenya kwenye mwanya ambao gesi nyingine isingeuona, na kuibana hadi shinikizo la bar 350, wakati tairi la gari dogo hujazwa bar mbili na ushei, kulichosha vali na diaframu haraka. Kompresa ikikwama, mabasi matatu mazima husimama yakiwa hayana kasoro yoyote.

Ni haki pia kusema kwamba mabasi yenyewe yalilelewa kama mboni ya jicho. Mtengenezaji aliweka mafundi wake katika kila mji. Wahandisi pia walikuwa wamechagua usalama badala ya ubanifu: walibakiza gia na mota moja kubwa kama kwenye basi la kawaida, hawakuweka betri ya kuhifadhi nguvu inayopotea wakati wa kufunga breki, ili pasiwe na vitu vipya vingi vya kuharibika kwa wakati mmoja. Matokeo yake basi lilikunywa gesi, mara nyingi zaidi ya kilo 20 kwa kilomita 100. Kizazi kilichofuata, chenye betri, kilishusha matumizi hadi chini ya nusu ya hapo.

London ilionja upande mwingine wa jambo hili. Kituo cha kudumu kilipangwa kujengwa Hornchurch, mashariki mwa jiji. Wakazi hawakutaka kukaa jirani na tangi la hidrojeni, na halmashauri yao ikawaunga mkono. Mabasi yalianza kubeba abiria Januari 2004 huku mabishano ya kibali yakiendelea. Kituo hakikufunguliwa hadi mwaka uliofuata. Hofu ya wakazi haikuwa ya ujinga. Miaka 15 baadaye, Juni 2019, kituo cha magari ya hidrojeni huko Sandvika, nje kidogo ya Oslo, kililipuka, na uchunguzi ukaonyesha kwamba boliti za tangi moja la shinikizo kubwa hazikukazwa inavyotakiwa wakati wa kuliunganisha.

Ulaya haikuwa peke yake katika kupanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mfuko wa Mazingira Duniani na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walikuwa na mpango mpana zaidi, wa kupeleka mabasi ya hidrojeni kwenye majiji makubwa ya nchi zinazoendelea: São Paulo, Mexico City, Cairo, New Delhi, Beijing na Shanghai. Hoja ilikuwa nzuri. Majiji hayo ndiyo yanayonunua mabasi kwa wingi, moshi wao ndio unaoua watu wengi, na oda zao zingesaidia kuishusha bei kwa dunia nzima. Ila fedha ya majaribio na fedha ya kuendeleza huduma ni vitu viwili tofauti. Misri, India na Meksiko zilijitoa. Beijing na Shanghai zilipata mabasi machache, na São Paulo ikaliweka la kwanza barabarani mwishoni mwa muongo huo. Jiji la Afrika lililokuwa kwenye orodha halikuwahi kuona hata moja kwa mpango ule.

Mabasi ya awamu ya kwanza ya Ulaya yalipofikia mwisho wa muda wake, miji kadhaa haikutaka kuyaacha. Hamburg iliyachukua yaliyoachwa na wengine hadi kundi lake likafika tisa. Mpango mpya, HyFLEET:CUTE, uliendelea hadi 2009, ukaingiza Beijing na Berlin, na mabasi yake yakatembea zaidi ya kilomita milioni mbili. Wakati huohuo, mwaka 2006, miji na mikoa ilianza kukutana bila kungoja Brussels: London, Hamburg, Berlin, Amsterdam, Barcelona, Cologne, pamoja na jimbo la British Columbia na Australia Magharibi, waliunda umoja wa wanunuzi wa mabasi ya hidrojeni. Walitaka kuwaambia watengenezaji kwa sauti moja kwamba soko lipo.

British Columbia ilitaka kuonyesha kwa vitendo. Kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2010 iliweka mabasi 20 kwenye mji wa milimani wa Whistler, kundi kubwa kuliko yote duniani wakati huo, kwa mradi wa karibu dola milioni 90 za Kanada. Mabasi yalitoka kiwandani kwa New Flyer, seli zikatoka Ballard, jirani kabisa. Gesi ilitoka Quebec. Ililetwa kwa malori ya dizeli yakivuka karibu bara zima, zaidi ya kilomita 4,000, ili mabasi yasiyotoa moshi yapate kupanda mlima. Mwaka 2014 mradi ulifungwa na mabasi ya dizeli yakarudi.

Ni vigumu kupata mfano unaoonyesha kasoro hii waziwazi kuliko huo. Miji ilikuwa imejifunza kuzungumza na mtengenezaji wa basi. Haikuwa na mtu wa kuzungumza naye kuhusu gesi, kwa sababu gesi haikuwa na soko; ilikuwa na mikataba midogo midogo, kila mji na muuzaji wake mmoja, kwa bei ambayo mji wa jirani haukuijua.

Huko Ulaya, hata hivyo, upande wa basi ulisonga mbele. Mradi wa CHIC, kuanzia 2010, uliweka mabasi katika Aargau, Bolzano, London, Milan na Oslo. Machi 2015 Aberdeen, mji wa mafuta wa Uskochi, ulizindua mabasi kumi ya Van Hool na kituo chake kinachopasua maji. Novemba 2014, huko London, watengenezaji watano, Daimler, MAN, Solaris, Van Hool na VDL, walikuwa wametia saini waraka wa kuahidi kutengeneza mabasi haya kwa mamia iwapo miji itayaagiza. Nyuma yao kulikuwa na taasisi ya ubia iliyoundwa mwaka 2008 kati ya Tume ya Ulaya na viwanda, na taasisi hiyo ndiyo iliyotoa ruzuku kwa mpango uliofuata, wa ununuzi wa pamoja.

Wazo lilikuwa lile la majirani wanaochanga na kununua gunia zima la mchele badala ya kila mmoja kupimiwa kilo dukani. Ulaya iligawanywa kwa kanda: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Italia, Uholanzi na majirani zake, na nchi za kaskazini. Kila kanda ingekusanya oda za miji yake na kutangaza zabuni moja. Kwenye karatasi ilionekana rahisi.

Wanaoijua kazi ya zabuni watacheka. London inataka basi la ghorofa, na usukani kulia. Pau, kule kusini mwa Ufaransa, ilitaka basi refu la mita 18 linalofanana na tramu, likaanza kazi Desemba 2019. Mji mmoja unataka milango mitatu, mwingine miwili. Upande huu kiti cha dereva lazima kiwe na kioo cha kumkinga, upande ule chama cha wafanyakazi kina sharti lake. Sheria za manunuzi hazifanani, na mwaka wa fedha haufungwi siku moja. Kila tofauti inayobaki kwenye oda inarudisha kipande cha ile bei ya zamani.

Mahali palipoonyesha kwamba jambo linawezekana ni Rhineland. Shirika la mabasi la mkoa wa Cologne, RVK, na lile la Wuppertal, WSW, walikubaliana juu ya basi moja, la Van Hool, na mwaka 2018 wakaagiza 40 kwa pamoja: 30 ya Cologne, kumi ya Wuppertal. Wakati huo ilikuwa oda kubwa kuliko zote Ulaya. Mipango miwili ya Umoja wa Ulaya, JIVE na JIVE 2, iliyolenga karibu mabasi 300 kwa jumla, iliweka kikomo cha bei cha euro 650,000 kwa basi, kisha 625,000. Basi lililouzwa euro milioni 1.2 mwaka 2003 likawa limepungua bei kwa karibu nusu.

Lakini tazama walikopata gesi majirani hao wawili waliolinunua basi lilelile. Hürth, nje ya Cologne, ina kiwanda cha klorini. Kinapopitisha umeme kwenye maji ya chumvi, hidrojeni hutoka yenyewe kama mabaki, na RVK ilikuwa na kituo hapo tangu mwaka 2010. Wuppertal haina kiwanda cha namna hiyo. Ina tanuri la kuchoma takataka za mji, linalozalisha umeme, na umeme huo hupelekwa kwenye mtambo wa kupasua maji. Umbali kati ya sehemu hizo mbili hauzidi mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na kila moja ina gharama zake, wahandisi wake na matatizo yake.

Waingereza walifuata njia yao. Mamlaka ya usafiri ya London iliongoza manunuzi ya pamoja na miji mingine, na mwaka 2019 ikatangaza mabasi 20 ya ghorofa ya Wrightbus kwa pauni milioni 12. Miezi minne baadaye Wrightbus, kiwanda cha Ireland ya Kaskazini, kikafilisika. Kiliokolewa na Jo Bamford, mfanyabiashara ambaye pia alikuwa na kampuni ya hidrojeni, mtu aliyeona kuwa anayeuza basi na anayeuza gesi afadhali wawe mtu mmoja. Aberdeen ilitangulia, mabasi 15 ya ghorofa yakaanza kubeba abiria Januari 2021, na London ikafuata mwezi Juni. Gesi ya London ilitoka Runcorn, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ikiwa nayo mabaki ya kiwanda cha klorini.

Wakati haya yote yakipangwa, betri haikungoja. Kufikia mwisho wa 2017 Shenzhen, China, ilikuwa imegeuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme. Mji mmoja kwa miaka michache ulifanya kile ambacho muungano wa miji ya hidrojeni haukukifikia kwa miaka 15. Betri ilikuwa na faida moja isiyohitaji mkutano: nyaya za umeme tayari zimefika kila mji, na bei ya umeme inajulikana.

Januari 2022 meya wa Montpellier, Michaël Delafosse, alisitisha mpango wa mabasi 51 ya hidrojeni. Ruzuku ya kununulia ilikuwepo. Kilichomzuia ni hesabu ya kila siku: kuliendesha basi la hidrojeni kungegharimu senti 95 za euro kwa kilomita, na la umeme senti 15. Ununuzi wa pamoja ulikuwa umeshusha bei ya basi, lakini basi hununuliwa mara moja na gesi hununuliwa kila usiku.

Kulikuwa pia na hatari iliyojificha ndani ya ununuzi huo wa pamoja. Cologne, Wuppertal, Pau na Groningen ya Uholanzi, ambako mabasi 20 yaliagizwa, zote zilikuwa wateja wa Van Hool. Aprili 2024 Van Hool, kiwanda cha familia cha Ubelgiji kilichoanza mwaka 1947, kilitangazwa kufilisika. Sehemu ya makochi iliendelezwa na VDL. Mabasi ya mijini yakaishia hapo. Yadi za miji minne zikabaki na swali lilelile la vipuri.

Hata hivyo si wote walioufunga mlango. RVK iliendelea kuagiza, safari hii kwa Solaris na Wrightbus, kwa kuwa njia zake za vijijini ni ndefu na gesi ya Hürth iko jirani. Bologna iliagiza zaidi ya mabasi mia moja ya Solaris mwaka 2023, ikitegemea fedha za Ulaya za kufufua uchumi baada ya janga la korona. Afrika Mashariki imechagua kwa namna yake: mkakati wa hidrojeni ambao Kenya iliuzindua Septemba 2023 unatanguliza mbolea, na mabasi ya umeme yanayoonekana Nairobi tangu 2022 yanatumia betri.

Aliyejaribu kuziunganisha pande zote mbili, ya basi na ya gesi, ni serikali ya China. Mwaka 2021 ilichagua makundi matano ya miji, yakiongozwa na Beijing, Shanghai, Guangdong, Hebei na Henan, ikaahidi fedha kwa kila kundi baada ya kazi kuonekana, kwa magari na kwa hidrojeni pia. Zhangjiakou, iliyoongoza kundi la Hebei, ilisafirisha wageni wa Olimpiki ya 2022 kwa mamia ya mabasi ya hidrojeni. Kundi la Shanghai halikuundwa kwa ujirani: lilikuwa na Suzhou iliyo karibu, na pia Ordos ya Inner Mongolia, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Shanghai, kwenye makaa ya mawe na upepo wa kuzalishia gesi. Fedha za upande wa gesi zilitolewa pale tu pampu ilipouza kilo kwa yuan 35 au chini ya hapo, na miji kama Foshan ilikuwa ikitoa ruzuku ya mfuko wake yenyewe ili bei kwenye pampu zake ishuke.